Chatu wa Togo "walioanguliwa bandani": wana tofauti gani na wa mwitu?

#1 MwanaFuoni
Assalam alaykum. Naomba msaada wenu, na wanaochukia nyoka naomba wanivumilie.

Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye banda la kuonesha nyoka kwa wageni, huku kusini ya Unguja. Kazi nimeiacha lakini mapenzi hayajaniacha. Sasa nataka kufuga wangu mwenyewe na kuzalisha. Sitaki wa sumu. Nataka wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja wakawa kama mpira, Python regius. Kuna mfanyabiashara anawaleta kutoka Togo kupitia Dubai. Ana mafungu mawili: majike wakubwa waliokamatwa porini, na makinda anaosema "wameanguliwa bandani". Bei ya jike mmoja unapata makinda wawili na chenji inabaki.

Mie naona bora nichukue majike. Kinda wa kike anataka kama miaka mitatu ndipo afikie kutaga, jike mkubwa anaweza kutaga msimu huu huu. Na wote kwao ni Togo, damu ni moja. Kipi kinanifanya nisubiri?

#2 Hamburg_Darajani
Wa alaykum salaam. Wa mwitu usiwachukue.

Mie mtoto wa Darajani, nipo Hamburg mwaka wa kumi na mbili, na tisa katika hiyo nafuga nyoka. Hesabu hiyo hiyo yako niliipiga mie 2017. Nikaenda Hamm, kule kwenye soko kubwa la wanyama wa vizimba, nikanunua majike wawili wa mwitu, wanene, macho yanang'ara. Siku ya tatu asubuhi nabadilisha maji, naona chini ya bakuli kama mtu kamwaga pilipili manga iliyosagwa. Nikagusa kwa kidole, nyengine zinatembea. Utitiri. Nyoka akiwashwa huingia majini, nao wanazama naye. Nikamtazama pembezoni mwa macho na chini ya kidevu, wamejaa. Kwenye tundu la pua kaganda kupe mkubwa kama punje ya choroko.

Miezi mitatu napigana nao, maana wale hawatagi juu ya nyoka, wanataga kwenye nyufa za kizimba. Jike mmoja akafa mwezi wa tano, hajala hata panya mmoja tangu nimlete. Wa pili alianza kula mwezi wa saba, akaja kutaga mwaka wa tatu. Sasa niambie, muda nilioupata ni upi?

#3 Mpemba_Konde
Waungwana, huku kwetu Konde mtu akiona nyoka anaita majirani waje na magongo. Wewe unamlipia nauli ya ndege! Mie mwenyewe ndege sijapanda.

Lakini swali langu la kweli: ana sumu huyo? Na akikutoroka hapo Fuoni, nyumba zilivyobanana?

#4 MwanaFuoni
Hana sumu, kaka. Anakaba. Na mkubwa wao hafiki hata mita mbili, si kama chatu wetu wa kumeza mbuzi.

Hamburg, ahsante, umenitisha kweli. Ila huyo aliyekufa alikufa kwa utitiri au kwa njaa? Kwa sababu kwenye banda letu chatu waliotoka porini walikuwa wanagoma kula wakati wa kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, utitiri hawana wala kupe. Vuli ikianza wanakula. Mie nilikuwa nasema ni majira tu, nyoka anafuata saa yake ya mwituni.

#5 Hamburg_Darajani
Daktari alimpasua akamkuta na minyoo tele tumboni. Mie nashikilia minyoo.

#6 Bi_Mkarafuu
Mimi ni daktari wa mifugo. Ng'ombe na mbuzi ndio wengi, lakini nyoka wa mabanda ya wageni nao wananifikia.

Hamburg mdogo wangu, minyoo sikatai. Ila nyoka wa porini karibu wote wana minyoo, na wanaishi nayo, wananenepa na wanazaa. Kinachobadilika ni mwili wa nyoka. Ametiwa mfukoni, mfuko umetiwa sandukuni, amekaa siku nyingi bila maji, ameshikwa na mikono ambayo hajawahi kuijua. Kinga inashuka, na minyoo ile ile aliyoishi nayo miaka ndiyo inamshinda. Kwa hiyo ukimkuta na minyoo tumboni hujajibu kilichomuua.

Na hapa watu wanakosea sana: nyoka anafika leo, leo leo wanampa dawa ya minyoo. Hana maji mwilini, figo zimechoka, dawa inammaliza. Kwanza maji. Joto upande mmoja, baridi upande mwengine, giza, na pahala pa kujibana mwili wake uguse kuta zote. Mtungi wa udongo uliofunikwa unatosha kabisa. Usimshike. Kinyesi chake cha kwanza niletee nikitie kwenye hadubini, ndipo tuzungumze dawa.

#7 Kijana_wa_Kwerekwe
Mbona jawabu rahisi: anagoma panya kwa sababu si chakula alichozoea. Nimesoma kwamba hawa porini wakiwa wadogo, na madume hasa, wanakula ndege sana. Mpe kifaranga uone.

#8 Hamburg_Darajani
@Kijana_wa_Kwerekwe kuhusu madume na wadogo ni kweli. Lakini jike mkubwa porini anakula panya wa mashimoni. Nilimjaribu kifaranga, akakipa mgongo.

#9 Muheza_Zamani
Habari zenu. Nimesoma kimya kimya, ila hapo kwenye neno "kuanguliwa bandani" nimeona niseme.

Mimi nilikuwa mkamataji wa wanyama wa kuuza, upande wa Amani ya Muheza, mpaka serikali ilipofunga usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwezi Mei 2016. Tulikamata vinyonga, na yule nyoka mdogo wa sumu mwenye vipembe juu ya macho, wa Usambara. Yule hatagi, anazaa. Kwa hiyo jike mwenye tumbo ndiye aliyekuwa na bei. Tunamtafuta usiku kwa tochi kwenye majani, unamjua kwa jinsi mwili ulivyojaa sehemu ya nyuma. Anapelekwa kwa mnunuzi, anatiwa kwenye pipa la plastiki, anazaa mle mle. Wale watoto sasa ndio wanaitwa wa bandani.

Mama wa mwitu. Baba wa mwitu. Mimba imeingia mwituni. Banda limechangia pipa.

Kwa hiyo MwanaFuoni, ukiambiwa "ameanguliwa bandani" umeambiwa yai lilipasukia wapi. Hujaambiwa limetoka wapi.

#10 Hamburg_Darajani
Mzee Muheza umesema kweli, na kwa chatu wa Togo ndiyo biashara yenyewe. Togo, Benin na Ghana, wakati wa kiangazi chao mwanzoni mwa mwaka, watu wanachimba mashimo ya panya na vichuguu kutafuta majike wenye mimba au mayai yenyewe. Majike wanatagishwa kwenye mabanda ya wasafirishaji, mayai yanaanguliwa, makinda wanapakiwa. Mama anatakiwa arudishwe porini pamoja na sehemu ya watoto. Chatu hawa wamesafirishwa hai kutoka Afrika Magharibi zaidi ya milioni 3 tangu 1975.

Sasa MwanaFuoni, chatu wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya mwitu, hatoki Togo kihalali bila ya cheti cha kusafirisha. Na kwenye cheti pana herufi inayoonesha asili. Mwambie akupigie picha. Herufi gani?

#11 Kijana_wa_Kwerekwe
Ikiwa F maana yake amefugwa shambani, chukua bila wasiwasi.

#12 Hamburg_Darajani
Sivyo, na wengi wanaangukia hapo. F si shamba. F ni aliyezaliwa kifungoni lakini hajafikia sharti la herufi C, mara nyingi kwa sababu wazazi wake ni wa mwitu. W ndiye wa mwitu. R ndiye huyo anayelelewa kutokana na mayai au makinda yaliyotolewa porini. C ndiye aliyezalishwa kifungoni kweli: wazazi wamepandana humo, na ukoo huo umeshaonesha kwamba unaweza kuendelea mpaka wajukuu bila ya kuchota porini kila msimu.

Mtu anayetaka kuzalisha anatafuta C.

#13 Kijana_wa_Kwerekwe
Nimekubali, nilichanganya. Ahsante.

#14 MwanaFuoni
Nimeletewa picha sasa hivi. Majike W. Makinda R. Na mie kwenye ujumbe wake wa mwanzo aliniandikia "wamezalishwa bandani", si "wameanguliwa" kama nilivyowaambia hapa. Nimerudi kuusoma mara tatu.

#15 Maalim_Mkunazini
Ndugu zangu, kabla ya herufi kuna jambo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kilichouzwa kinatakiwa kiwe na manufaa yanayotambulika kisheria, na wanazuoni wametaja nyoka na nge katika mifano ya visivyofaa kuuzwa. Simhukumu kijana. Namuomba akaulize kabla ya kutoa pesa.

#16 Bi_Mkarafuu
Maalim, shikamoo. Nauliza kwa adabu: nyoka wanaokamuliwa sumu kwa ajili ya kutengeneza dawa ya kuumwa na nyoka, manufaa hayo hayatambuliki?

#17 Maalim_Mkunazini
Marahaba binti yangu. Kwa dawa mazungumzo ni mengine, na wapo walioruhusu penye manufaa ya kweli. Lakini huyu wa kijana hana sumu ya kukamuliwa. Ndiyo maana nikasema akaulize. Na nyoka wa nyumbani nao tumefundishwa kuwaonya siku tatu kabla ya kuwaua, kwa hiyo ya magongo kule Konde nayo ina masharti yake.

#18 Mpemba_Konde
Maalim umenipata. Tutawaonya.

#19 Misitu_Mstaafu
Nimefanya kazi ya misitu Unguja na Pemba karibu maisha yangu yote. Mmezungumza afya ya nyoka na pesa ya mnunuzi. Swali la Mpemba la namba 3, "akikutoroka", mmelipita, na mie ndilo linaloninyima usingizi.

Hivi ni visiwa. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu anayeiba samaki Darajani na kula mayai ya ndege wetu aliletwa kutoka India miaka ya 1890, kwa nia njema, ale uchafu wa mji. Mpaka leo hatujamuweza. Kisiwa cha Guam kiliingia nyoka mmoja wa kahawia wa mitini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, inaelekea kwa mizigo ya kijeshi, akawamaliza karibu ndege wote wa msituni.

Pemba ina nyoka wake asiyepatikana pengine popote duniani, Lycophidion pembanum, mdogo, mpole, anakula mijusi. Wapemba wengi wanamuua bila kujua kwamba wanaua kitu cha kwao peke yao. Naogopa kumletea jirani anayebeba utitiri wa Togo.

Kuhusu sheria: ya wanyamapori ya Bara ya 2009 ni ya Bara. Huku tuna Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996. Kijana, nenda Maruhubi, ofisi ya misitu, kaulize kabla sanduku halijapanda ndege, si baada.

#20 Kijana_wa_Kwerekwe
Mzee, ni kweli. Na kule Florida chatu wetu wa Afrika wamejaa kwenye vinamasi, wamekula wanyama wote.

#21 Misitu_Mstaafu
Wa Florida ni wa Burma, mwanangu, wa Asia. Wa Afrika pia walionekana kule, lakini waliojaa ni wa Burma. Na wao walikuja na mdudu wa mapafuni kutoka Asia, sasa amewaingia nyoka wa kienyeji wa kule ambao hawakuwahi kumjua. Ndilo ninalolisema. Mgeni haji peke yake.

#22 Mpemba_Konde
Mbona kobe wa kisiwa cha Changuu waliletwa na hawakumdhuru mtu? Watalii wanalipa kuwatazama.

#23 Misitu_Mstaafu
Waliletwa 4 kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana hata wakafika mamia. Kisha wezi wakawagundua, maana kobe yule ana soko nje. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7. Saba tu. Hawakumdhuru mtu, lakini soko la wafugaji wa mbali karibu liwamalize hapa hapa mbele ya macho yetu. Kwa hiyo mfano huo unasema yote mawili.

#24 Kijana_wa_Kwerekwe
Tukirudi kwa MwanaFuoni: hata akipata wa C, mayai atayaangulia na nini? Yanataka siku 55 mpaka 60 kwenye nyuzi 31 au 32 bila kuyumba. Mnakumbuka mwezi wa tano 2008 waya wa umeme wa baharini ulipokufa tukakaa mwezi mzima kiza? Na Desemba 2009 mpaka Machi 2010? Mtago mmoja unaisha wote kwa kukatika kumoja.

#25 MwanaFuoni
Nakumbuka, nilikuwa skuli. Tulisoma kwa kandili.

Hilo nimelifikiria. Jike mwenyewe anajiviringa juu ya mayai mpaka yanapasuka. Kwa hali ya hewa yetu, kwenye chumba kisichopigwa na upepo wa kusi, sioni kwa nini asiyalee mwenyewe. Chatu wetu bandani alilea hivyo hivyo, tulimfunika kwa makuti tu tukamwachia maji karibu. Siku walipotoboa nilikuwepo. Kichwa kinatoka, kinakaa juu ya yai saa nzima, kinarudi ndani, kinatoka tena. Kesho yake ndipo wanatoka wote. Wallahi ndiyo siku iliyonifanya niandike uzi huu.

#26 Bi_Mkarafuu
Akilea mwenyewe hali muda wote huo. Jike mnene aliyezoea ataweza. Jike wa mwitu aliyefika amekonda, akataga, kisha akalala njaa miezi miwili juu ya mayai, huyo utamzika. Na kutokula kwake kabla ya hapo nako: Hamburg anasema minyoo, wewe majira, mimi nasema mateso ya safari, Kijana anasema mazoea ya chakula. Kuna jengine hatujalitaja. Hao wanakamatwa wakati wana mimba, na mwenye mimba anaacha kula hata angekuwa kwao.

#27 Muheza_Zamani
Kwetu walikuwa wanagoma hata wasio na mimba, mama. Na hata wasiosafiri. Kinyonga dume umemtoa mti huu umemtia kizimba chini ya mti huo huo, hali. Mimi nadhani anajua.

#28 Hamburg_Darajani
Kinyonga si chatu, mzee. Lakini siwezi kukubishia, mie sikuwahi kuwaona kwao.

#29 MwanaFuoni
Nimempigia mfanyabiashara. Nimemwambia majike sitaki. Nimemuuliza kama ana wenye herufi C, akasema "tofauti ni karatasi tu, nyoka ni yule yule". Amana niliyompa anasema hairudi, nichukue makinda badala yake. Ni pesa ya miezi minne, nimeumia. Jumatatu naenda Maruhubi kwanza kama alivyosema mzee Misitu.

#30 Hamburg_Darajani
Mie mwaka huu nina makinda sita, kizazi cha tatu humu humu ndani kwangu, wanakula panya wa barafu bila ubishi. Ukipata kibali huko, mie nitashughulikia cha huku. Pesa tutazungumza, usiharakishe.

#31 Bi_Mkarafuu
Panya umeshaanza kuzalisha? Usije ukamlisha wa mtaani. Wengi wamekula sumu, na sumu hiyo inaingia kwa nyoka. Na unawe mikono kwa sabuni kila ukimshika, kama nyumbani kuna watoto wadogo ndiyo zaidi.

#32 MwanaFuoni
Ninao kumi na mmoja, kwenye ndoo mbili uani. Nilianza na jozi moja kutoka kwa rafiki.

Mzee Muheza, limenikaa kichwani tangu jana. Wale majike wa kwenye mapipa, wakishazaa, mlikuwa mnawarudisha?

#33 Muheza_Zamani
Nilirudisha mmoja. Wengine waliuzwa pamoja na watoto.

Yule mmoja mnunuzi alimkataa kwa sababu alikuwa na kidonda mgongoni, kwenye gamba, alipojisugua na ukingo wa pipa. Nikambeba kwenye mfuko wa sandarusi mpaka nilikomtoa. Sikuukumbuka mti. Usiku na mchana msitu haufanani, nami nilimkamata usiku. Nikamweka kwenye shina la iliki karibu na kijito. Hakutambaa. Alikaa pale pale nilipomweka, kichwa kimeangalia chini. Nikaondoka kwenda kula, nikarudi jioni, yupo. Nikarudi asubuhi, hayupo, na sikuona manyoya ya ndege wala damu.